Tromboni Niliyoiosha

Mume wangu alikuwa na midomo mizuri. Nasema hivyo bila haya, maana nimezeeka, na haya yaliniisha zamani. Midomo ile ndiyo iliyomtoa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare na kumleta misioni, mwendo mfupi kutoka Kasongo, ambako nilimkuta. Wenzake walipendwa na Wazungu kwa migongo yao. Yeye walimpenda kwa kifua na midomo, na vitu hivyo alivirithi kwa baba yake na babu yake, waliopiga pembe ya tembo kwa sultani wao tangu zamani.

Misioni palikuwa na padri mmoja. Sisi tulimwita mupe, kama tulivyowaita mapadri wote. Huyu alipenda muziki wa wafu. Misioni nyingine zilikuwa na fanfare ya kutembea barabarani, ngoma kubwa mbele na tarumbeta zinazometameta, lakini yeye hakutaka hata kuisikia. Alikuwa na sanduku lililotoka kwao, na ndani yake tarumbeta mbili ndefu zisizo na kibonyezo hata kimoja, na tromboni mbili, ndogo na kubwa, nyembamba, za rangi ya udongo uliolowa. Zilikuwa za kizamani kabisa. Muziki aliowafundisha wapigaji wake ulitungwa na watu waliozikwa kabla Mzungu yeyote hajauona mto wetu. Ukikosea ukapiga kwa namna ya kisasa, anakusimamisha na kukuambia kwamba watu wale hawakupiga hivyo. Nani alikuwapo? Lakini yeye alisema kana kwamba alikula nao.

Wapigaji walikuwa wanaume wanne tu. Walikaa kwenye viti katika chumba kikubwa cha mupe, wamevaa mashati meupe, miguu mitupu, na Wazungu wa serikali na wa machimbo wakakaa mbele yao wakisikiliza bila kutikisa hata kidole. Sisi wake zao tulisikiliza nje, chini ya dirisha. Mume wangu alipiga tromboni kubwa, ile ya sauti ya chini iliyowabeba wengine watatu. Siku ya kwanza nilimuuliza akitoka, "Mnacheza sikukuu, ao mnazika mutu?" Akacheka. Akaniambia, "Wazungu wakifurahi, iko vile. Wanafurahi na uso wa matanga."

Basi mtu asidhani tulikuwa tunacheza. Tromboni ile ilikuwa ndiyo ngao yetu. Wakati ule watu wa machimbo walikuwa wakija vijijini na polisi na kamba, wanachukua wanaume wenye nguvu, na aliyekimbia, mke wake au mama yake ndiye anayefungwa mpaka atokee. Lakini mpigaji wa mupe hakuguswa. Wenzake wakisikia polisi wanakuja wanaingia porini. Mume wangu alibaki amekaa mlangoni, anapaka mafuta ya mawese kwenye lile bomba la tromboni linalosogezwa mbele na nyuma. Polisi wanampita, wanamsalimu hata.

Mdogo wake hakuwa na bahati hiyo. Huyo shemeji yangu, mtu mzima mwenye mke, aliishi kama swala. Analala kwenye vibanda vya shamba la mpunga, leo huku kesho kule, mkewe anamfichia chakula. Mume wangu alikuwa na neno moja tu moyoni: siku moja mdogo wake akae kwenye kile kiti, ili mtu asimfunge kamba. Kwa ukoo wao hilo halikuwa jambo geni. Pembe ya sultani ilitoka kwa mkubwa ikaenda kwa mdogo, sikuzote. Mupe naye alikwisha kukubali. Basi mume wangu akawa anamfundisha pole pole. Akamkatia fimbo ya mwanzi ajifunze mahali mkono unaposimama kwa kila sauti, na akampa pembe ya mbuzi ya kukaza midomo. Tromboni yenyewe hakumgusisha. Kwao mdogo haweki mdomo kwenye chombo cha mkubwa wake aliye hai.

Sasa nieleze kazi yangu mimi. Tromboni mpya zina tundu dogo la kutolea mate. Zile za mupe hazikuwa nalo, kwa sababu watu wake wa zamani hawakulijua, na yeye hakukubali litobolewe. Mate yote ya mpigaji yalibaki ndani. Kila alipotoka kupiga, mume wangu alikuja nayo nyumbani, tunaitenganisha vipande viwili, ninaimimina uani, kisha ninapitisha kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye uzi. Kitambaa kikavu tu. Maji ya moto hapana, majivu hapana, sabuni hapana. Mupe mwenyewe aliniita akaniambia kwa kinywa chake, "Mama, uchafu wa ndani ni umri wake. Ukiutoa, itapiga kama chombo cha jana." Nikaitika, ndiyo Mupe. Moyoni nilitapika. Mimi nimezaliwa kwa Waislamu wa Kasongo. Nilibatizwa ili niolewe, baba yangu akanikataa, lakini mikono yangu haikubatizwa. Kwetu hata birika la kutawadhia linasuguliwa kwa majivu mpaka uone uso wako. Na mimi hapa ninavuta kamasi za miaka mingi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu wafu wa Ulaya walipenda hivyo.

Siku moja kitambaa kilitoka chekundu. Nilidhani ni kutu. Nikamwonyesha mume wangu, akakichukua mkononi mwangu akakitupa motoni, na hapo nikajua kwamba alikuwa amejua mapema. Kile kikohozi alichokuja nacho kutoka machimboni, alichokuwa akisema ni vumbi, kitaisha, hakikuwa kimeisha. Kilikuwa kimejificha. Tangu siku ile kila nilipomimina tromboni niliangalia chini. Mara nyingine mate meupe, mara nyingine yana nyuzi nyekundu. Nilijifunza kuusoma udongo wa uani kwangu kama wengine wanavyosoma mawingu.

Nilikwenda kwa muganga wa dispansari, mtu wetu, aliyesomea kazi ile kwa Wazungu. Nilimweleza habari kana kwamba ni ya mtu mwingine, naye akanielewa vizuri tu. Akaniambia, "Mama, huyo mutu ale na sahani yake, anywe na kikombe yake. Mate yake isiingie kwenye kinywa ya mutu. Vyombo yake vyote, maji ya moto." Kisha akainama kwenye kazi yake. Hakuwa na dawa, na hakunidanganya kwamba anayo.

Nilirudi nikamwambia mume wangu. Akasema, "Ukisema kwa mupe, tunatoka kwenye nyumba hii, na ndugu yangu atakosa kiti." Nikamwambia kitu kingine kilichokuwa kinanichoma. Maana nilijua jinsi ukoo wao unavyorithi pembe, nilikwisha kusimuliwa. Anayekufa, pembe yake haioshwi. Inapokelewa na mate yake ndani. Mrithi anaiweka mdomoni mbele ya watu wote, na kabla ya kupuliza anavuta kwanza, anavuta kwa nguvu mpaka kifua kijae. Wanasema anapokea pumzi ya mkubwa wake. Asipovuta, si mrithi, na kila atakachopiga ni kelele. Nikamuuliza mume wangu, "Mudogo wako atavuta nini?" Aligeukia ukuta. Nilimkasirikia kwa kutonijibu, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, ingawa nilimpenda kuliko watu wote.

Nilimwambia shemeji pia, ana kwa ana, alipokuja na mzigo wa kuni kujifunza fimbo yake. "Shemeji, kuna damu ndani ya chombo kile." Akanitazama. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imechanwa na miiba. "Shemeji," akasema, "damu ya ndugu yangu ni damu yangu. Na kule kwenye shimo nitakufa vilevile, tena bila kiti."

Mume wangu aliendelea kupiga. Mupe hakusikia kitu, au alisikia akapenda, maana sauti ilikuwa imeanza kutetemeka mwishoni, na yeye akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, laini, kama zamani. Wenzake watatu walijua. Mume wangu alipoishiwa pumzi, mwenye tromboni ndogo alishuka haraka akashika ile sauti ya chini mpaka mwenzake avute nyingine, kisha akamrudishia. Walifanya hivyo mbele ya Wazungu, na Wazungu wakatikisa vichwa kwa utamu. Mimi chini ya dirisha nilikuwa ninabana kucha kwenye viganja vyangu.

Alikufa wakati wa Kwaresima, asubuhi, juu ya mkeka, kichwa chake mapajani mwangu. Damu ilikuwa nyingi. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Kabla hajapelekwa kaburini nilikwenda kwa mupe. Mjane hatakiwi kutoka, lakini nilitoka, na wanawake wakashika midomo yao. Nilimwambia yote, damu, kitambaa, maneno ya dispansari. Alinisikiliza. Akasema pole. Akasema kifua cha machimbo ni vumbi, na vumbi haliambukizi, asiogope mtu. Akasema Pasaka imekaribia, wageni wakubwa watakuja, na bila tromboni kubwa hakuna muziki. Nikamwomba basi aniruhusu niichemshe. Akakataa, kwa upole, jinsi mtu anavyomkatalia mtoto kisu. Halafu akaniambia amepata habari ya desturi ya ukoo wa mume wangu, na kwamba ni nzuri sana. Hata kwao, zamani zile, fundi alimwachia mwanafunzi chombo chake vilevile, kikiwa na joto la midomo yake. Ameruhusu tromboni ikae nyumbani kwa marehemu mpaka mdogo aipokee. Alikuwa na machozi machoni alipokuwa akisema hayo. Nilitamani kumpiga kofi.

Tulizika mchana. Mimi nilirudishwa ndani, nikakalishwa chini, nguo nyeusi kichwani. Tromboni ilikuwa imelazwa mahali alipofia, juu ya mkeka uleule, na hakuna aliyeigusa. Wanaume walikuwa bado makaburini wakimalizia udongo. Wanawake walikwenda mtoni kuoga, maana kwao baada ya maziko wote wanaoga isipokuwa mjane. Mama mkwe wangu alimbeba mgongoni binti yangu, ambaye bado alikuwa hajui kutembea vizuri, akaenda naye. Nikabaki peke yangu. Nje, kwenye mafiga, kulikuwa na sufuria kubwa ya maji yanayochemka, ya mchele wa watu wa matanga. Pembeni yake, majivu.

Sikufikiri sana. Watu walikuja kunieleza baadaye kwamba shetani alinishika, ama Uislamu wangu, ama wivu. Hapana. Niliiona akilini miguu ya shemeji yangu iliyochanwa na miiba, nikasimama.

Niliitenganisha vipande viwili kama kawaida. Nikamimina maji ya moto kwa upande mmoja, nikaziba, nikatikisa, nikamwaga. Yalitoka meusi. Nikatia majivu na maji mengine, nikapitisha kitambaa, nikakivuta, nikakirudisha. Yakatoka ya kahawia, na ndani yake mabonge mabonge, sijui ya nini, labda ya watu wa Ulaya waliokufa, labda ya mume wangu. Vidole vyangu viliungua na sikuviondoa. Kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo nilikitupa ndani ya sufuria kikachemka kabisa. Nilikuwa ninalia kwa sauti, na mtu angepita angedhani ninalilia maziko tu. Niliendelea mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alisimama uani, akaona udongo ulivyolowa, akaona mvuke unatoka kwenye mdomo wa tromboni. Alimshusha mtoto chini pole pole. "Umefanya nini, mwanangu?" akasema. Bado aliniita mwanangu. Nikamjibu, "Mama, nimeosha." Akakaa chini palepale kwenye matope, akaanza kuyakusanya kwa mikono yake, anayarundika kwenye kanga yake. Alikuwa anamwokota mtoto wake. Niliona hivyo wazi, na moyo wangu ulivunjika, na bado ningeosha tena.

Wanaume walipofika, habari ilikwisha kujulikana. Wazee wa ukoo hawakunipiga. Walimwambia mtu alete jembe, wakaparua udongo wote uliolowa, wakautia kwenye kikapu, wakarudi nao kaburini wakaumwaga juu yake. Kisha wakamwita shemeji. Aliichukua tromboni, ingali moto, akaiweka mdomoni akavuta. Akavuta tena. Akaishusha, akasema bila kunitazama, "Iko maji tu. Hakuna mutu ndani."

Nilirudishwa Kasongo kwa mama yangu kabla matanga hayajaisha. Binti yangu alibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba, na kwa sababu mwanamke aliyemwaga pumzi ya mumewe uani hapewi mtoto amlee. Niliomba. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe. Alinipa maji ya kunywa kwa heshima, akanifungulia njia. Nilikwenda kwa mupe aniombee, naye alikuwa amekasirika kuliko wote. Hakulia safari hii. Alikuwa ameijaribu tromboni mwenyewe, na alisema sauti imekuwa ngumu na safi, imekuwa mpya, na kwamba nimeharibu kitu ambacho karne nyingi zilikitunza. Akanionyesha mlango. Fikirini. Wazee wale na mupe, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya kupanda mpunga, walikubaliana juu yangu.

Lakini shemeji alikaa kwenye kiti. Mupe hakuwa na mtu mwingine, na Pasaka haikungoja. Ukoo ulisema apige tu, hata kama ni kelele, afadhali kelele kuliko kamba. Siku ya Pasaka nilitembea kutoka Kasongo mpaka misioni, nikasimama mbali, karibu na ukuta wa bustani, mahali ambapo watu wasingenifukuza. Nilisikia tarumbeta mbili, tromboni ndogo, halafu ile kubwa chini yao. Ilikuwa haitetemeki. Alishika sauti ndefu mpaka mwisho wake, na hakuna aliyeshuka kumsaidia. Niliondoka kabla hawajamaliza, nikiogopa binti yangu ataletwa pale na mtu, na hatanijua.

Miaka ilipita. Aliyekuwa na tromboni ndogo, yule aliyemfichia mume wangu kuishiwa pumzi na kupokezana naye vikombe vya kunywea, alikohoa akafa. Baadaye mke wake. Shemeji alizaa, akajenga, mvi zikamwota. Binti yangu alilelewa nyumbani kwake, akaniita yule mwanamke wa Kasongo. Kila nilipopata mtu anayetoka kule nilimuuliza swali moja tu: "Shemeji yangu anakohoa?" Watu walidhani ninamwombea mabaya, wakanijibu kwa kunikomoa, "Hakohoi. Ana kifua cha ng'ombe." Nami nilikuwa nikirudi ndani, nalala vizuri.

Mara ya mwisho nilikutana naye njiani, mimi ninatoka sokoni, yeye anakuja Kasongo na baiskeli, mzigo wa mchele nyuma. Alinitambua. Nikamwambia, "Shemeji, habari ya siku nyingi." Akasimamisha baiskeli, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akatema mate chini, mbele ya miguu yangu, akapanda akaenda.

Nilishusha kikapu changu. Niliinama, magoti yakalia, nikayatazama yale mate kwenye vumbi. Yalikuwa meupe. Hayakuwa na uzi hata mmoja. Nikajitwika kikapu changu nikaenda nyumbani.